Utando Juu ya Tanganyika

Shangazi Mwamini alisema jua limeshaenda Kongo, mimi bado nalichungulia kama mchumba aliyeondoka bila kuaga. Alikuwa uani akikunja magunia yake ya dagaa. Mimi nilikuwa juu ya paa la jikoni, nyumbani kwetu Bangwe, Kigoma, nikifunga kamera kwenye nguzo kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Niliendelea kukaza fundo. Ningemjibu, angenicheka zaidi.

Kazi yangu hasa ilikuwa ya kompyuta. Tulikuwa kundi la watu kumi na mmoja, wengi wao Dar es Salaam, wengine nje ya nchi, tukipokea vipimo vya setilaiti inayoutazama ukingo wa dunia kwa ubavu, pale hewa inapoonekana kama utepe mwembamba. Mwanga wa jua ukigonga vitone vilivyoko juu sana hutawanyika, na setilaiti hupima ni kiasi gani umetawanyika katika kila kimo. Mwezi wa nne volkano ilikuwa imelipuka kwenye kisiwa cha mbali. Gesi yake ilipanda hadi juu ya mawingu, ikageuka vitone vya asidi, ikaanza kuizunguka dunia. Vitone hivyo hupunguza joto la jua linalotufikia, na sisi tulikuwa tukichora ramani ya mahali vilipo.

Kwenye ramani hiyo, juu ya ziwa letu palikuwa na doa jeupe.

Doa halikumaanisha hewa safi. Programu ya kuchuja mawingu ilikuwa imetupa vipimo vyote vya upande wetu. Iliona kitu kinachong'aa, ikaamua ni wingu. Kwa wiki tatu nilivifungua vipimo vilivyotupwa, kimoja kimoja, na karibu kila kimoja kilionyesha kitu kimetanda kwenye kimo cha kilomita ishirini na moja. Mawingu yetu hayafiki huko. Nilimwandikia Dk. Adolf, kiongozi wetu, naye akanijibu kwa upole kwamba anahitaji ushahidi wa kutoka chini. Ramani ingefungwa Jumatano ya wiki ya pili ya mwezi wa tisa. Baada ya hapo, kila atakayeitumia angeamini kwamba juu ya Tanganyika hakuna la kusema.

Ndiyo sababu ya kamera. Jua likishazama, kivuli cha dunia huanza kupanda angani. Utando ulioko juu huendelea kuliona jua kwa muda, ukang'aa rangi ya zambarau, halafu kivuli huufikia nao huzimika. Dakika unapozimika ndiyo inayotaja kimo chake.

Mwishoni mwa mwezi wa nane nilipiga picha jioni nne. Zambarau ilikuwepo, nzuri hata nikasahau kushuka kula. Lakini mstari wa mwanga kwenye grafu ya picha hizo haukufika chini. Ulishuka nusu, ukabaki unaelea.

Kwenye kikao cha mtandaoni, Alhamisi kabla ya ramani kufungwa, Dk. Adolf aliikuza grafu yangu kwenye skrini.

"Lulu," alisema, "hapa unapima taa za wavuvi."

Mtu mmoja akacheka, si kwa ubaya. Tangu nijiunge na kundi sikuwahi kuwasha maikrofoni. Niliandika tu, "Sawa, Daktari," nikafunga kompyuta. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Boti za ufuo wa Kibirizi, karibu nasi, huwasha taa za kuvutia dagaa kabla giza halijaingia vizuri, na ziwa zima hugeuka mji.

Jioni ile nilimkuta Shangazi ameketi, mabeseni yake yamefunikwa, anachambua maharage. Aliniuliza kwa nini macho yangu ni mekundu. Nikamweleza kwamba taa za boti zimeniharibia kazi.

"Taa zipi?" akauliza. "Si mbalamwezi hii? Boti zimelala tangu juzi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaji kwenye taa. Kungekuwa na dagaa ndani, ningekuwa nachambua maharage?"

Nilisimama pale pale. Jambo hilo nalijua tangu utoto. Siku za mbalamwezi nyumbani kwetu ni siku za maharage. Lakini sikuwahi kulipandisha paani pamoja na kamera.

Nilitoka nje, na mwezi wenyewe ukanitazama kutoka juu, karibu mviringo kamili, unaiosha anga yote. Taa hazikuwepo, ila taa kubwa kuliko zote ilikuwepo. Nikarudi ndani nikachukua kalamu. Mwezi ungekuwa mpevu Jumamosi. Baada ya hapo ungechelewa kuchomoza kila siku: Jumapili saa mbili kasoro, Jumatatu saa mbili na nusu. Jumatatu, basi, baada ya jua kuzama, pangekuwa na saa nzima na zaidi isiyo na mwezi wala boti. Jumapili nayo ilikuwa na nafasi, ila finyu.

Jumapili wingu lilishuka kutoka vilima vya Kalinzi likafunika kila kitu. Niliketi paani hadi umande ukanilowesha.

Jumatatu anga ilikuwa safi. Shangazi, bila kuniambia, alikuwa amempigia Omari, mwenye boti tatu, kumuuliza kama kuna anayetoka. Omari alimjibu kwa kuuliza ni mwendawazimu gani wa kushindanisha taa na mwezi.

Jua lilizama saa moja kasoro dakika mbili. Shangazi alisimama chini na simu yake akinihesabia dakika. Zambarau ikapanda, ikakolea, ikatanda kutoka milima ya Kongo hadi juu ya kichwa changu. Kwenye ziwa hapakuwa na nukta moja ya mwanga. Dakika ya ishirini na nane mstari kwenye kompyuta niliyoipakata ulianguka hadi chini kabisa, ukabaki huko.

"Imezima?" Shangazi akauliza.

"Imezima."

Nilikokotoa mara tatu. Kilomita ishirini nukta nane. Setilaiti, mchana wa siku ile ile: ishirini na moja.

Kesho yake, kwenye kikao, nikawasha maikrofoni. Niliweka grafu mbili kwenye skrini, ya boti na ya bila boti.

"Ulijuaje kwamba hapatakuwa na taa hata moja?" Dk. Adolf akauliza.

"Wavuvi hawatoki wakati wa mbalamwezi, Daktari. Na siku ya pili baada ya mwezi mpevu, mwezi wenyewe unachelewa."

"Nimekula dagaa wa Kigoma maisha yangu yote," alisema, "nikidhani wanavuliwa kila siku."

Safari hii walicheka wote, nami pia. Aliniomba nirudie maelezo yote, taratibu, kwa walio nje ya nchi. Nilizungumza dakika ishirini bila kutazama karatasi. Kisha, mbele yetu, akavirudisha vipimo vilivyotupwa na kuiamuru programu ichore upya. Rangi ikaanza kaskazini, ikateremka, ikajaza ziwa lote hadi kusini. Akasema kichujio kitarekebishwa kwa ukanda wote wa tropiki, na kwamba jina langu litatangulia kwenye maelezo ya marekebisho hayo.

Nilimwonyesha Shangazi ramani kwenye simu. Aliikuza kwa vidole hadi akaiona Bangwe.

"Kwa hiyo juu ya vichwa vyetu muda wote huu kulikuwa na moshi wa mlima wa watu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na hao wenye mitambo yao hawakuuona?"

"Waliuona. Waliutupa."

Akatikisa kichwa, akaniongezea maharage kwenye sahani, akasema kesho atapanda paani mwenyewe, mimi ndiye nimhesabie dakika.