Marumaru za Nyumba ya Mama

Nyumba ya Usagara ilikuwa imekwisha kuezekwa na kupigwa lipu. Iliyobaki ni sakafu. Odeta na kaka yake Revocatus ndio waliomjengea mama yao, Wilhelmina, na walikubaliana marumaru achague mwenyewe, maana ndiye atakayezikanyaga. Basi asubuhi moja Odeta akamshika mama mkono, wakaenda dukani Buzuruga.

"Shikamoo mama," muuzaji, dada mmoja aitwaye Winnie, alimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Haya, tuoneshe."

Winnie akapanga vipande mezani. Mama Wilhelmina akavipapasa kimoja kimoja. Kilichong'aa akakisukuma pembeni. "Hiki kitaniangusha." Akashika cha kukwaruza, akakikumbatia kifuani. "Hiki hapa. Na weupe wake nimeupenda, utaleta mwanga ndani."

Kilikuwa cheusi tii.

Winnie alicheka akidhani ni utani. Odeta naye alianza kucheka, akaacha. Akapitisha kiganja mbele ya uso wa mama yake. Mama hakupepesa hata ukope. Aliendelea kutabasamu, uso ameuelekeza kwenye nguzo ya duka.

"Mama, nimevaa gauni la rangi gani?"

"Maswali gani hayo mbele za watu?"

"Niambie tu."

Kipande kilimponyoka mama, kikapasuka sakafuni, na yeye akaruka kwa woga kama mtu aliyesukumwa.

"Tangu lini, mama?"

"Jicho la kulia ni muda mrefu. La kushoto lilikuwa linaona ukungu ukungu. Baada ya Pasaka nalo likazima."

Odeta akakaa juu ya boksi la marumaru. Juzi tu walikula pamoja sato kwa ugali. Mama ndiye aliyemnawisha, na maji hayakumwagika nje ya beseni. Mama ndiye aliyesifia jinsi nyumba ilivyopendeza!

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningesema, Revocatus angenibeba mpaka kwake Dar, nikae sebuleni kama kabati. Pale nyumbani miguu yangu inajua njia zote. Ya kisimani, ya kanisani, ya zizini."

Odeta akampigia kaka yake. "Mama haoni," alisema. Revocatus akamwambia aache mzaha. Aliporudia, akasikia mwanaume mzima akilia.

Hawakurudi nyumbani, walikwenda moja kwa moja hospitali. Daktari alimulika macho yale kwa muda mrefu. Jicho la kulia lilikuwa limekufa kwa presha ya macho. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, lingeweza kufanyiwa upasuaji. "Mngemleta mapema..." alianza, akamtazama Odeta, akaacha.

Mama alipokuwa wodini, fundi alitandaza sakafu ya marumaru za kukwaruza, nyeupe. Revocatus akapanda basi kutoka Dar.

Siku ya kufunguliwa bandeji, mama alipepesa jicho lake moja, likatoa machozi, likatulia usoni kwa binti yake. Akanyoosha mkono, akamgusa mashavu, kisha nywele zilizoanza kuwa na mvi.

"Mbona umezeeka hivi, mwanangu?"

Revocatus, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakuthubutu kusogea, asije naye akatazamwa.