Ampea Nane za Abu Rawnaq

Ukimwuliza Abu Rawnaq ana kiasi gani cha kitu chochote, atakutajia mara mbili yake. Hakuwa mwongo wa kuumiza watu. Ilikuwa tabia iliyomganda katika miaka thelathini ya kuendesha malori kati ya Baghdad na Amman, ambako dereva aliyekiri kwamba tangi lake limebaki robo alichekwa mpaka mpakani. Mkewe alikwisha kuizoea. Akiambiwa wageni wanakuja kumi, alipika cha watano, na hakuna aliyewahi kulala njaa.

Sasa Abu Rawnaq alikuwa na miaka sitini na mmoja, moyo wake umewekewa vyuma viwili, na daktari amemkataza kushika usukani. Lori lilikwisha kuuzwa. Kilichobaki ni kompyuta kuukuu aliyoiacha binti yake Rawnaq alipoolewa Erbil, usukani wa plastiki uliobanwa kwenye meza, na mchezo wa kuendesha malori. Kila Ijumaa alasiri aliucheza na rafiki zake wawili wa barabarani. Najih alikuwa amestaafu huko Zarqa, na Yas alihamia Malmö kwa watoto wake. Kila mtu alikaa nyumbani kwake na kipaza sauti wazi, na malori yao yalifuatana msafara mmoja kama zamani.

Wiki ile Yas alikuwa na habari. Jumatatu angelazwa hospitali, afanyiwe upasuaji.

"Jambo dogo tu," alisema. "Wananitoa kitu kama njugu. Lakini Ijumaa, kabla sijalazwa, nataka twende njia nzima, Baghdad mpaka Amman, bila mtu kuachwa."

Njia yenyewe ilikuwepo. Kijana mmoja wa Irbid, ambaye hakuna kati yao aliyewahi kumwona, alikuwa ameichora barabara ile kipande kwa kipande ndani ya mchezo, akaigawa bure. Tatizo lilikuwa mtu wa kuachwa, na mtu huyo siku zote alikuwa Abu Rawnaq. Kompyuta yake ilikwamakwama. Lori la Yas lingekuwa mbele yake, picha ikaganda, na ilipokuja kufunguka Yas alikuwa keshapotea. Safari hii alikataa kuachwa. Akalitoa sanduku lake la spana, kitu cha mwisho alichobaki nacho cha lori, akaliuza, akaikumbatia kompyuta yake ndani ya teksi mpaka Mtaa wa Sina'a, kwenye maduka ya kompyuta ya Baghdad.

Duka alilolichagua lilikuwa la mhandisi Shatha, mwanamke wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. Maboksi yalipanda mpaka dari. Abu Rawnaq aliiweka mashine yake juu ya kaunta, akapangusa jasho.

"Karibu, ami. Nikusaidie nini?"

"Nataka injini mpya, binti yangu. Bodi libaki lile lile, ndani kila kitu kipya."

"Ampea ngapi?"

Katika mtaa ule hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya bei na kabla ya chai. Umeme wa serikali ukikatika, jenereta la mtaa hushika zamu, na kila nyumba ina ampea zake ilizojiandikishia. Ukivuta zaidi, breka inashuka na nyumba nzima inazimika. Nyumba ya Abu Rawnaq ilikuwa na nne. Nne ni friji, kipoza hewa cha maji, taa, na televisheni ndogo ikiwa mnaombeana heri.

"Nane," akasema Abu Rawnaq.

Shatha akamtazama juu ya miwani. "Nane."

"Nane kamili. Jenereta lenyewe liko nyuma ya ukuta wangu."

"Mashallah," akasema Shatha, akaandika kitu kwenye karatasi.

Alifungua ubavu wa mashine, akapuliza, na wote wawili wakakohoa.

"Ami, humu mna mchanga wa kujengea chumba."

"Huo ni wa jangwani, wa Rutba. Usiutupe wote."

Shatha akamweleza kwa lugha ya malori. Prosesa ni dereva, ndiye anayefikiri njia. Kumbukumbu ni uwanja wa kupakilia, ukiwa mdogo mizigo inasubiriana. Kadi ya michoro ndiyo inayochora kila unachokiona kupitia kioo cha mbele. "Dereva wako hajambo," alisema, "nitakutafutia mwenzake aliye kijana zaidi kidogo, anakaa kwenye kiti hicho hicho. Uwanja tunaupanua. Lakini kadi hii, Mungu airehemu."

Abu Rawnaq alikwisha kuichagua kadi yake. Ilikuwa kwenye kabati la kioo, nene kuliko tofali, ina feni tatu. "Ile pale."

"Ile ni ya kuvuta treni, ami. Skrini yako ni ya kawaida. Utainunua ikae inapiga miayo."

"Nina ampea nane."

"Nimesikia." Akashusha boksi jingine, la kadi ya wastani yenye feni mbili. "Hii itakupa kila kitu macho yako yanachoweza kuona. Inahitaji pawa mpya ya kuilisha, ya zamani itaungua. Na utachukua sanduku la betri. Umeme wa serikali ukiondoka kabla jenereta halijashika, betri itaishikilia mashine isizimike."

Wakabishana nusu saa, na Abu Rawnaq akashindwa kwa heshima. Shatha akafunga kila kitu kwa mikono isiyo na haraka, akasafisha, akapaka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, akabana skrubu. Kisha akaweka mchezo, akaweka barabara ya yule kijana wa Irbid, akaigeuza skrini.

Abu Rawnaq akaisogelea.

Ilikuwa alfajiri kwenye barabara ya jangwani. Alikuwa ameijua barabara hii kama ukungu wenye rangi mbili, kahawia chini na buluu juu. Sasa kila kokoto lilikuwa na kivuli chake. Jua lilikuwa linatokea nyuma, ndani ya vioo vya pembeni, kama lilivyomtokea maelfu ya mara akielekea magharibi. Kwenye kichaka cha miiba kando ya njia kulikuwa na mfuko mweusi wa plastiki ulionaswa, unapepea. Nani alikaa akafikiria kuuweka mfuko ule? Nani alijua kwamba bila mfuko ule njia ya Amman si njia ya Amman?

"Subhanallah," akasema. Akanyoosha kidole akaugusa mfuko kwenye kioo cha skrini. Machozi yalimtoka na hakuona haya hata kidogo.

Shatha alimwacha amalize. Halafu akabandika kibandiko chekundu kwenye kitufe kimoja cha kibodi. "Hiki usikiguse, ami. Siku mashine ikikuelemea, nipigie simu kwanza, hata iwe Ijumaa."

"Haitanielemea."

"Sawa. Nipigie tu."

Ijumaa joto lilifika nyuzi arobaini na tisa. Saa kumi alasiri msafara uliondoka, Yas mbele, Abu Rawnaq katikati, Najih nyuma, na ndani ya mchezo ilikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Umeme wa serikali ulikuwepo. Mashine ilikimbia bila kukwama hata mara moja. Walipita Ramadi, wakaingia jangwani, na wazee watatu wakageuka watoto.

"Abu Rawnaq, bado upo?" aliuliza Yas kila baada ya dakika kumi.

"Nipo nyuma yako, nakusoma namba ya gari."

"Leo tumepata nini?" akasema Najih. "Huyu bwana tulizoea kumsindikiza mpaka Fallujah tu."

"Nina mashine ya ampea nane, nyie!"

Abu Rawnaq hakuwa anacheza tena. Alikuwa anatazama. Aliona lami ilivyong'aa pale matairi yalipoilamba kwa miaka. Aliona vumbi lililoinuliwa na lori la Yas likipokea mwanga na kugeuka rangi ya asali, kila chembe peke yake, na alishangaa jinsi kitu chenye feni mbili, chini ya meza ya kulia chakula, kilivyoweza kumrudishia dunia iliyokwisha kuchukuliwa kwake.

Kilomita chache kabla ya Rutba, umeme wa serikali ukakatika. Jenereta likashika. Breka ikashuka.

Nyumba ikazima. Kipoza hewa kikatulia, friji ikatulia, na chini ya meza sanduku la betri likaanza kulia: pii, pii, pii. Skrini na kisanduku cha intaneti tu ndivyo vilivyobaki hai.

"Umewasha nini wewe!" Umm Rawnaq, mkewe, akapaza sauti kutoka jikoni. Akaenda ukutani, akainua breka. Ikashuka. Akainua tena. Ikashuka.

"Zima kipoza hewa!"

Akakizima, na breka ikakaa. Lakini chumba kikawa tanuri papo hapo. Baada ya dakika mbili feni za mashine zilianza kupiga kelele, na picha ikaanza kukwama kama zamani. Lori la Yas likaruka, likaganda, likaruka.

"Abu Rawnaq, upo?" Yas akauliza.

"Nipo, nipo!" Akamgeukia mkewe. "Washa kipoza hewa, zima friji."

"Friji ina dolma ya kesho. Uliniambia wageni ishirini."

"Watakuja kumi!"

"Najua. Nimepika ya kumi. Na friji sizimi." Akawasha kipoza hewa, breka ikashuka, betri ikaanza kulia upya. Taa ya sanduku ilionyesha zimebaki dakika sita.

Abu Rawnaq akampigia Shatha, akaiweka simu mezani kwa sauti kubwa, mikono yake ikiwa kwenye usukani.

"Ami," akasema Shatha. "Ampea ngapi?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Najih anasikia, Yas anasikia, mkewe amesimama mlangoni. Neno nane lilimjia mdomoni lenyewe, kama lilivyokuja maisha yake yote. Mbele yake taa za nyuma za lori la Yas zilikuwa zinakuwa ndogo.

"Nne," akasema.

Hakuna aliyecheka.

"Ahsante, ami. Sasa bonyeza chekundu."

Akabonyeza. Feni zikashusha pumzi. Umm Rawnaq akainua breka, na friji ikaguruma, kipoza hewa kikazunguka, na breka ikakaa. Abu Rawnaq akaitazama skrini kwa hofu, akitafuta alichopoteza. Kokoto zilikuwa na vivuli vyao. Vumbi la Yas lilikuwa bado rangi ya asali. Milima ya mbali tu ndiyo iliyofifia kidogo, kama inavyofifia kwa mtu wa miaka sitini na mmoja.

"Umefanya nini, binti yangu?"

"Nimeipunguzia kadi chakula. Niliipima siku ile ile dukani, na pawa yako nimekuchagulia kwa hesabu hiyo. Mtaa huu, mwanamume akiniambia nane, naunda ya nne. Ile mbio ya juu nilikuachia kwa ajili ya umeme wa serikali. Safari njema, ami." Akakata simu.

Kwenye spika Yas alikuwa anacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu.

"Hata mimi nilijua," akasema alipopata pumzi.

"Ulijua nini?"

"Tangu mwaka tisini na mbili. Tukifika hapa hapa Rutba nakuuliza, dizeli kiasi gani? Unasema nusu tangi. Unadhani zile jerikeni mbili nyuma ya kiti changu zilikuwa za nani?"

"Ulisema za kuuza mpakani!"

"Miaka ishirini, nauza jerikeni zile zile?"

Abu Rawnaq akazikumbuka mara zote alizokauka njiani, na kila mara Yas akatokea tu kwa bahati, akasimama, akamwaga dizeli bila kumwuliza neno. Alikuwa akiiita bahati. Mshangao uliomshika sasa ulikuwa mkubwa kuliko ule wa dukani. Maisha yake yote watu walikuwa wamekaa kimya wakimgawanya kwa mbili, wakamjazia kilichopungua, na hakuna aliyemwaibisha. Alimtazama mkewe pale mlangoni, mpishi wa chakula cha nusu ya wageni, na hakujua aanzie wapi kumshukuru.

Kisha jambo jingine likamjia.

"Yas."

"Naam."

"Hiyo ya Jumatatu. Umesema ni kama njugu."

"Ndiyo."

"Ampea ngapi?"

Mbele, taa ya pembeni ya lori la Yas ikaanza kumeta, likatoka barabarani polepole, likasimama. Abu Rawnaq akasimama nyuma yake, na Najih nyuma yao.

"Mbili," akasema Yas. "Labda moja. Madaktari wenyewe hawajui kama nitaamka."

Najih akasema jina la Mungu kwa sauti ya chini. Umm Rawnaq akaja akaweka mkono begani kwa mumewe, akauacha hapo. Abu Rawnaq alikuwa na maneno mengi makubwa ya kumpa mtu moyo, na yote aliyaona ni nane. Akaingiza gia, akampita Yas kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akasimama mbele yake.

"Leo natangulia mimi," akasema. "Wewe shika taa zangu. Nitakwenda sitini."

"Arobaini," akasema Yas.

"Arobaini. Mpaka Amman. Hatuachi mtu."

Wakarudi barabarani. Jua lilikuwa limepanda kidogo ndani ya vioo, na kwenye kioo cha kushoto lori la Yas lilionekana zima, karibu, mpaka mikwaruzo ya bampa.

"Abu Rawnaq," Yas akaita. "Una dizeli kiasi gani?"

Abu Rawnaq akautazama mshale. Akautazama tena.

"Robo," akasema.