Kiinua Mgongo cha Albano

Albano alifanya kazi ya uboi kwa mzungu mmoja wa Msasani miaka kumi na mmoja. Siku mzungu alipofunga mizigo arudi kwao, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, alimwita Albano sebuleni akamuuliza, kwa Kiswahili chake kile cha jikoni, anataka kiinua mgongo gani. Sasa wewe na mimi tunajua swali hilo linavyojibiwa. Mtu mwenye adabu zake hataji kitu. Albano alitazama chini, sakafu ileile nyekundu aliyoipiga nta kila Jumatatu kwa magoti na viwiko, akasema, "Chochote utakachojaliwa, bwana."

Hapo ndipo alipojimaliza. Mzungu wa watu hakujua kwamba maneno hayo maana yake ni "nipe cha kutosha." Aliyapokea kama yalivyo. Akaingia chumbani, akatoka na kitu alichokipenda kuliko vyote nyumbani mle: fimbo yake ya kuvulia samaki wa bahari kuu, nene kama mpini wa jembe, pamoja na gurudumu la kukunjia mshipi. Akamkabidhi kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. "Hii navuta samaki mzito kama wewe," alisema. Kesho yake akapanda ndege.

Albano akahamia Chanika kulima muhogo, akamwita mkewe Rosalia kutoka Masasi. Mwanamke huyo alikuwa amelea watoto peke yake miaka yote hiyo, akingoja mumewe aje na kitu. Akaja na fimbo.

Na Chanika bahari iko wapi? Maji ya karibu yalikuwa shimo ambamo watengeneza barabara walichimba kifusi, masika yakalijaza, mayungiyungi yakatanda juu yake. Perege wa humo hawakuzidi kiganja. Walidonoa chambo cha Albano mpaka wakashiba, na fimbo haina habari, ncha imesimama tu. Akivuta kwa kubahatisha anapandisha mdomo wa samaki bila samaki. Pembeni yake Hamisa, jirani yao, alikuwa na ufito wa mwanzi na ndoano isiyozidi ukucha, na kila jioni alirudi na mtungo.

"Baba Sesilia," Rosalia alimwambia siku moja, akimtazama anavyoingia ndani kwa kushika ukuta, "hicho ndicho kiinua mgongo? Mbona kila ukitoka nacho unarudi umejipinda?"

Mgongo ulikuwa unamsumbua tangu Msasani, lakini si uliomuuma siku ile. Kilichomuuma ni kwamba mkewe alisema kweli. Kama fimbo haifai kitu, basi na ile miaka kumi na mmoja haikufaa kitu, na yeye mwenyewe ni mtu aliyekwenda mjini akarudi mikono mitupu. Alitaka fimbo ile imlishe Rosalia mara moja tu, ashibe, aseme ahsante.

Muda wenyewe ukawa mfupi. Balozi wa nyumba kumi, mzee Mwishehe, alipita akaiona imeegemezwa mlangoni.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Bwana Albano, mie naona hiki kitu kinakulia nafasi. Saba Saba inakuja na ofisi ya tawi la chama haina mlingoti. Tupe sie, bendera ipepee."

"Ichukueni hata leo," Rosalia alidakia kutoka jikoni.

"Niachieni mpaka mkesha wa Saba Saba," Albano aliomba. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Ndipo akaanza kufikiri, jambo ambalo angelifanya mapema kama asingekuwa na kiburi cha fimbo ya mzungu. Fimbo hii ilitengenezwa kwa nguvu. Nani bwawani mle anahitaji nguvu? Kambare, wale wanaolala chini ya yungiyungi, ambao walishamkatia Hamisa mishipi mitatu. Basi akaacha maji meupe. Akafunga ndoano kubwa, akatunga chura, akaondoa risasi ya kuzamishia mshipi ili chura asizame, akawa anamburura polepole juu ya majani. Ncha ya fimbo hakuitazama tena. Mshipi aliushika kwa kidole, ausikie wenyewe.

Siku ya tatu akang'oa kambare wa urefu wa mkono, akaja na majani na mizizi yake. Rosalia alimpika, na ugali wa mumewe akauongeza. Albano usiku ule alilala akitabasamu, zuzu wa watu.

Mkesha wa Saba Saba, jua likiwa utosini, Rosalia alikuwa ng'ambo ya bwawa akifua. Chura wa Albano alipita kwenye uwazi mdogo kati ya majani. Maji yakavimba. Kidole kikasikia uzito, Albano akavuta, na fimbo ikapinda. Tangu itoke Msasani ilikuwa haijawahi kupinda, leo ilipinda mpaka ncha ikagusa maji. Kikaibuka kichwa kipana kama mfuniko wa sufuria, kikazama tena. Ulibaki mvuto mmoja.

Aliuvuta, na kiuno kikalia. Akaanguka kwa magoti na viwiko kwenye tope, vilevile kama Jumatatu. Kuinuka hawezi, kuachia hataki, na mshipi ule wa bahari kuu haukatiki. Kambare akaanza kumvuta yeye.

"Mama Sesilia! Njoo!"

Rosalia alizunguka mbio, akamnyang'anya fimbo, akakanyaga ukingo. Mwanamke wa jembe yule. Samaki akaanza kuja. Lakini tope lilikuwa linateleza, na Albano, aliyeshindwa hata kujisukuma, alikuwa anateremka kichwa mbele, maji yameshafika kidevuni.

Rosalia akamtazama samaki, akamtazama mumewe.

"Usiiachie," Albano alisema. "Nakuomba, Rosalia. Usiiachie."

Akaiachia. Fimbo ilikwenda kwa kasi, gurudumu likagonga jiwe mara moja, majani yakafunguka yakafunga. Rosalia alimpitishia mikono kwapani, akamvuta mpaka pakavu, akaanza kumfuta tope usoni kwa ncha ya kanga.

"Haya, inua mgongo," alimwambia taratibu. "Inua mgongo twende."

Mgongo haukuinuka. Wakapanda njia hivyohivyo, yeye amejikunja, uzito wote ameuweka kwenye bega la mkewe. Katikati ya njia wakakutana na mzee Mwishehe anakuja na bendera mpya kwapani na kamba mkononi, anacheka.

"Iko wapi, bwana Albano?"

Albano alitaka kumjibu akimwangalia usoni, lakini uso haukwenda juu. Alibaki anatazama vumbi na vidole vya miguu ya balozi, kwa karibu, kama alivyozoea kutazama sakafu.