Kigoda Mwanzo wa Safu

Mjukuu waliyemwita Fundi, kwa kuwa kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, alimwekea bibi yake skrini ya picha za familia ukutani sebuleni. Picha zilikaa safu moja: wakubwa mbele, wadogo nyuma. Ikipatikana ya mtu wa zamani zaidi, huingia mwanzoni, na wengine wote husogea hatua moja. Nafasi zilikuwa saba tu. Anayezidi mkiani hutupwa nje. Fundi mwenyewe ndiye aliyeandika hivyo, chapuchapu, akisema atarekebisha siku nyingine.

Asubuhi moja wakakuta picha mpya mwanzoni: kigoda kitupu mbele ya mlango uliofungwa. Hakuna aliyeiweka. Mkiani, picha ya paka wa bibi, aliyekuwa wa mwisho, haikuwepo. Paka mwenyewe wakamwita kutwa nzima, maziwa yake yakaganda sahanini.

Sasa wa mwisho kwenye safu alikuwa Kibonge, mwanawe Fundi, ambaye hata kutambaa bado.

Fundi akaifuta picha ya kigoda. Ikarudi. Akaifuta tena. Safari hii ikarudi kwa kishindo, ikawasukuma wote, na uso wa Kibonge ukabaki nusu ukingoni. Kapuni alimolazwa, mtoto aliyekuwa akilialia akanyamaza ghafla. Fundi akamshika miguu: baridi kama bomba la maji.

"Bibi, kuna mtu anaichezea mashine yangu."

"Nani aichezee, na nywila yenyewe hata wewe unaisahau?" Bibi akavaa miwani, akasogea. Akaigusa picha kwa kidole. "Hicho kigoda cha kwetu. Mama alizaa kabla yangu, mtoto hakukaa. Picha hana. Miaka yote hii najiita kifungua mimba, naye yupo. Unamfukuza wa nini? Msogezee akae."

"Nimsogezee wapi, bibi? Nyuma kuna mwanangu."

"Hiyo saba nani alikutuma uiweke?"

Fundi akafungua kompyuta, akafuta saba, akaandika nane. Picha zikajipanga. Uso wa Kibonge ukawa mzima, na paka huyo nyuma yake. Kapuni mtoto akapiga chafya, akaangua kilio. Mlangoni zikasikika kucha zikikwaruza.

"Umeona? Kumbe nafasi ilikuwepo," bibi akasema, akaenda kumfungulia paka.

Fundi alibaki mbele ya skrini. Alikuwa akiitazama ile picha ya kwanza. Mlango nyuma ya kigoda sasa ulikuwa wazi kidogo, na vidole vya mtu vimeushika kwa ndani.

Akarudi kwenye kompyuta, akaondoa kikomo cha nafasi kabisa.