Siku Spana Zililala

Ile injini ya stima ilikuwa imelala miaka miwili chini ya magunia, ndani ya stoo nyuma ya gereji ya Tarlochan Singh pale Grogan Road, na mimi ndiye nilikuwa naiibia dizeli. Nasema mapema tusisumbuane.

Sikuiba ya kuuza. Mama yake mchumba wangu Phoebe alikuwa na nyumba ya miti huko Kawangware, na mchwa walikuwa wanaila kutoka chini. Hakuna kitu mchwa anaogopa kama dizeli. Kila Jumamosi napeleka chupa mbili, mama anapaka nguzo, ananiita "mwanangu," na Phoebe ananikaangia samaki. Sasa, Sardar Tarlochan, bosi wangu, alikuwa na kijiti chake. Kila mwisho wa mwezi anakitumbukiza ndani ya tangi aone mafuta imefika wapi. Kwa hivyo chupa mbili zikitoka, chupa mbili za maji ya mfereji zinaingia. Maji inakaa chini, dizeli inabaki juu. Kijiti kinatoka kimelowa mpaka kwa alama, kinanuka dizeli, Sardar anafurahi. Mwaka mzima hivyo.

Halafu Bhanu akaja na lori.

Huyu Bhanu alikuwa na duka Dagoretti, mahali stima haijafika, na alitaka injini ya kuwasha taa na kupoza soda.

"Nataka kusikia ikilia," akasema. "Ikilia, nachukua leo. Isipolia, naenda kwa mtu mwingine."

Lakini alichagua siku mbaya. Ilikuwa siku moja baada ya sikukuu ya Diwali, siku ambayo mafundi wa Kalasinga wanapumzisha vyombo. Asubuhi tulikuwa tumeosha kila spana, kila nyundo, kila tupa, tukapanga juu ya shuka nyeupe. Sardar akanyunyizia maziwa iliyochanganywa na maji, akachoma udi. Mpaka kesho hakuna kugusa.

"Spana hapana shika," akatuambia. "Leo iko lala."

"Na handeli ya injini?" akauliza Mzee Makau, fundi mkubwa wa gereji.

Sardar akavuta ndevu. "Handeli si spana. Handeli iko mkono ya injini yenyewe. Shika."

Nikapewa mimi. Mzee Makau akainua kile kichuma cha juu kinachoachia injini pumzi ili izunguke nyepesi. Nikazungusha mpaka bega likalia. Mzee akaangusha kichuma. Injini ikasema puu, ikanyamaza.

"Tena," akasema Mzee.

Puu.

"Tena, kijana! Au ulikula uji pekee?"

Ugonjwa niliujua. Mimi ndiye nilikuwa ugonjwa. Na siku hizo za Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, Mwafrika bila kazi hakai Nairobi. Polisi anataka karatasi, huna, unapakiwa treni mpaka kwenu Kisumu kama gunia la omena, isipokuwa hilo gunia linakuja huku na wewe unaenda kule. Kwa hivyo nikaanza kuwatoa mbali na tangi.

"Pengine bomba ya moshi imeziba," nikasema.

Nikaingiza mkono. Kumbe kweli! Nikavuta nyumba nzima ya panya: pamba, nyuzi za gunia, na katikati kitambaa kirefu cha buluu.

Sardar akakinyakua. "Hii kilemba yangu! Mimi nagombana na dobi mwaka mzima!"

Bhanu akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi pia nikacheka, nikaona mambo inaenda vizuri. Nikazungusha tena. Puu.

"Sasa inapumua lakini haili," akasema Mzee Makau. "Mafuta haifiki. Tufungue skrubu ya juu, tutoe hewa kwa paipu."

"Na bisibisi?" nikauliza haraka. "Mzee, bisibisi imelala. Utaiamsha mbele ya Mungu wa watu?"

Akaniangalia sana. "Tangu lini wewe Msabato ukawa mchungaji wa bisibisi?"

"Heshima ni heshima, mzee."

Sardar akanipiga begani. "Odero kijana mzuri."

Nilisikia aibu. Kidogo tu.

"Haya," akasema Mzee Makau. "Basi tuanze na koki ya chini ya tangi. Hiyo inafunguka na vidole."

Nikaruka chini ya injini kabla hajainama. "Wacha mimi, mzee, utachafua nguo!" Nikaweka debe, nikaziba na mgongo, nikafungua. Ikatoka maji safi, unaweza kuoshea mtoto. Ikamwagika na kelele. Mzee akapitisha mkono juu ya bega langu, akachovya kidole, akaramba.

"Maji."

"Maji?" akasema Sardar.

"Maji?" akasema Bhanu.

"Ni ile maziwa ya asubuhi," nikasema. "Sardar alinyunyiza kwa moyo sana."

Mzee Makau akachungulia debe. Ilikuwa imefika nusu na bado inapanda. "Maziwa ya kunyunyiza na vidole? Ama ng'ombe mwenyewe yuko huko ndani?"

Bhanu akaanza kwenda kwa lori yake. "Tarlochan, mimi nilitaka injini. Wewe unaniuzia kisima."

Sardar akageuka mwekundu. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia Mzee Makau. "Funguo ya stoo iko na nani?"

"Iko na mimi, Sardar."

"Miaka tisa mimi naamini wewe."

Mzee akafuta kile kidole kwa suruali. Hakunitazama hata kidogo, na nilijua tayari amejua. Angenitazama, pengine ningekataa.

"Ni mimi," nikasema, bado nimelala chini. "Si mzee. Nilipaka nyumba ya mama mkwe. Mchwa."

Maji ikaendelea kumwagika.

"Nguzo ngapi?" akauliza Sardar.

"Kumi na mbili."

"Mchwa nakufa?"

"Wote, Sardar."

Akatikisa kichwa pole pole. "Mchwa kwisha. Kazi yako pia kwisha. Lakini kwanza hii injini nalia, halafu wewe nakwenda."

Nikamwaga maji yote, nikasuuza tangi, Mzee Makau akaleta galani ya dizeli mpya. Ikabaki hewa kwa paipu, na ile skrubu ilikuwa imekaza. Kidole ikakataa. Nikatoa sarafu ya sumuni mfukoni, nikaona inaingia kwa ule mfereji wa skrubu kabisa.

"Sardar, hii ni spana?"

Akafikiri. Bhanu alikuwa amerudi, anasikiliza.

"Pesa hapana lala hata siku moja," akasema Sardar. "Fungua."

Povu ikatoka, inatema, inatema, mpaka dizeli ikaja bila povu. Nikafunga. Nikazungusha na hasira ya mtu anayejiona tayari ndani ya treni. Puu. Puu. Puu-puu-puu! Ikapiga chafya ya moshi mweupe usoni pangu, ikashika, ikaanza kunguruma mpaka fundi viatu jirani akatoka mbio. Balbu ya kujaribia injini, juu ya mlango, ikawaka mchana kweupe.

Bhanu na Sardar wakashikana mikono. Halafu Bhanu akanionyesha na kidevu. "Na huyu?"

"Huyu nimefuta."

"Dagoretti nani atazungusha hiyo handeli? Mimi, na hii tumbo?"

Wakaongea Kihindi chao. Nilisikia jina langu mara mbili, na mara ya pili wakacheka sana.

"Chukua," akasema Sardar. "Iko na nguvu, iko na uwongo. Yote bure."

Mzee Makau alinisaidia kupakia injini. Tulipomaliza, akanipiga kofi ya kisogo, ile ya kweli, halafu akanisukuma nipande. Hakuna aliyenipa nafasi mbele. Nilikaa nyuma, juu ya injini yenyewe, na bado ilikuwa moto. Ikanichoma matako mpaka Dagoretti.