Ndimu za Chumvi kwa Marehemu

Mume wangu Quới aliuawa na gongo ya mchele. Halafu kila ilipofika siku ya kumkumbuka, ndugu zake walimimina gongo hiyohiyo kwenye vikombe vitatu vya madhabahu yake, hapa nyumbani kwangu. Miaka minne nilinyamaza. Mwaka huu nilimwona Toàn, mdogo wao, mikono ikimtetemeka saa mbili asubuhi, nikasema huyu simziki.

Nilifungua ndimu zangu za chumvi. Zilikaa juani juu ya bati miezi sita hadi zikawa laini, rangi ya kahawia. Nikaziponda pamoja na sukari, nikatia maji na barafu, nikakoroga. Ndicho kinywaji alichokuwa akininunulia Quới kando ya barabara mjini Sa Đéc enzi za uchumba, kabla pombe haijamteka. Nikajaza vile vikombe vitatu, nikaviweka madhabahuni pamoja na vyakula, nikawasha udi.

Khiêm, kaka yao mkubwa, akaingia na chupa kwapani. Akanusa vikombe.

"Shemeji, unamnywesha mdogo wangu maji ya watoto wa shule?"

"Namnywesha kisichoua."

"Atatucheka huko aliko!"

"Na acheke. Mara ya mwisho nilimwona anatapika damu."

Nikaichomoa ile chupa, nikaenda kuisimamisha nje ya geti. "Utaikuta ukiondoka. Kwangu haiingii tena."

"Mimi ndiye mkubwa wa ukoo huu!"

"Najua. Kwa hiyo utaanza wewe."

Udi ulipoisha nikashusha vyakula na vikombe. Alichopewa marehemu hugawiwa walio hai, na mkubwa hutangulia; kukikataa ni kumkana aliyekufa. Nikampa Khiêm kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Nyumba nzima ikamtazama.

"Haya, mkatae ndugu yako," nikasema.

Akanywa, uso umemkunjamana kwa chumvi. Akarudisha kikombe.

Cha pili nikampa Toàn. Alikishika kwa mikono yote miwili kisimwagike, akakimaliza, kisha akageuka kutazama kule getini. Alitazama muda mrefu. Niliogopa, sifichi.

Akanisogezea kikombe.

"Shemeji, kimebaki?"

"Kipo," nikasema. "Kunywa mpaka uchoke."