Mume wa Timu Sita

...na bibi harusi akilia pia ameridhia, na akicheka ameridhia, na akinyamaza ndiyo kabisa, ameridhia mpaka kwenye kucha, sasa hiyo "sitaki" hutokea wapi, Khairiya anajiuliza chini ya shela, ina mlango gani, maana milango yote mitatu wamekwisha iandika "ndiyo", na nje ya pazia la chumba baba yake, Mzee Kificho, amekohoa kikohozi chake cha mambo makubwa na kuuliza mara ya kwanza, "Khairiya binti Kificho, Silima bin Khatib wa Msuka amekuja kukuoa, kwa mahari mliyosikizana, je, umeridhia nikuozeshe?", na nyuma ya baba wamesimama mashahidi wawili waliotumwa kutoka msikitini baada ya sala ya alasiri, na ami Mgeni, ndugu yake baba, ambaye hakutumwa na mtu, na kulia kwa Khairiya kakaa somo yake aliyemfunda, Bi Mwatum, kamshika kifundo cha mkono kwa vidole vinavyonukia udi, anamnong'oneza, "Nyamaa tu, vyangu, usitikisike hata shela," kana kwamba Khairiya ni chungu kimejaa pomoni na mtu akipiga chafya kitamwagika, naye ndiye huyuhuyu aliyesimama chuoni Unguja mbele ya wasichana sitini akatetea kwamba mwanamke apige kura, akashinda, wapinzani wake wakamjia wenyewe kumpa mkono, leo anaambiwa ulimi wake upumzike kwa kuwa kimya chake kinajua kuzungumza vizuri zaidi kuliko yeye... lakini haya, aseme, aseme nini, hapo ndipo pagumu, maana tangu asubuhi, tangu wanamsinga liwa na kumpaka hina, hajui kama anataka au hataki, na lawama yote ni ya ami Mgeni na kauli yake ya juzi barazani, aliyoitoa huku anakunywa kahawa ya baba, "Mtu kachezea timu tano za kikapu kwa miaka saba, ya sita hino ya Mombasa inamngoja Jumamosi, basi huyo mke ni timu ya saba, mtamwona, akimaliza msimu huyo kwenda zake," na wanaume wakacheka, na baba akacheka nao kidogo, kwa adabu, na Khairiya alikuwa nyuma ya mlango na sinia la vikombe, akaisikia hoja ikimwingia mbavuni, hoja nzuri, hilo ndilo lililomuudhi, ingekuwa mbovu angeipasua palepale... timu ya saba... aachwe Msuka kwa mama mkwe na barua moja kila baada ya mwezi, kama Zuweina wa jirani, ambaye mumewe yuko Mombasa mwaka wa nne na kila siku anarudi kesho...

"Khairiya, mwanangu," baba anarudia, na sauti imelainika, "nakuuliza mara ya pili, umeridhia nikuozeshe Silima bin Khatib?" na ami Mgeni nyuma yake anasema, "Kaka, msichana wa watu ana haya, tusimtese, kunyamaa kwake kunatosha," na mama, Bi Tatu, kutoka pembeni mwa kitanda anamjibu bila kumtazama, "Shemegi, umeulizwa weye?", na wanawake wanakohoa ili wasicheke, na Khairiya anajiambia haya, muda wa kutafakari umebaki pumzi chache, tuiendeshe kesi kama kesi, mshitakiwa ni Silima, shitaka ni kuhama, leteni ushahidi, timu ya kwanza, klabu ya makarani wa Unguja, walimchukua kwa urefu tu, hakujua kuudunda mpira hata hatua tatu, mwenyewe kasimulia, alikuwa akiudunda unampiga kwenye goti na kukimbilia kwa watazamaji, akakaa benchi mwaka mzima anajifunza kwa macho, kisha makarani wakagombana wao kwa wao juu ya uenyekiti na klabu ikavunjika, hapo nani kahama... ya pili, Tanga, shamba la katani, meneja wa kigeni mwenye wazimu wa mpira wa kikapu alimwandika kazi ya kupima marobota, kazi ya jina, mshahara wenyewe ulikuwa wa jioni uwanjani, na meneja alipomaliza mkataba akaja mwingine anayependa farasi, timu ikafa kwa kukosa mtu wa kuipenda, na Silima, badala ya kupanda meli siku ileile, akabaki anang'oa misumari ya ule ubao wa kikapu mmoja mmoja, akaurudisha ghalani mzima, kwa nini, Khairiya alimuuliza, ubao wa nini na timu imekwisha kufa, akamjibu, "Huenda akaja mtu akautaka"... andikeni hilo, waheshimiwa, mtoro gani hurudisha mbao ghalani... ya tatu, Dar es Salaam, timu ya reli, walimwita kwa kuwa nyota wao kavunjika kifundo cha mguu, kifundo kilipopona wakamshukuru kwa jozi ya viatu vilivyomzidi, akavivaa na soksi mbili mbili, na ya nne, Nairobi, akiba, benchi, baridi inayoingia mpaka kwenye meno, msimu mzima aliingia mara kumi na moja, anazijua zote kama mtu anavyowajua wanawe, na ya tano, Kampala, walichukua kombe, naye katika fainali alicheza dakika nne, akafunga kikapu kimoja, na gazeti likamwandika Salim, Salim Khatibu wa Pemba, akalikata lile gazeti akaliweka kwenye msahafu wa mamake, na alipomwonyesha Khairiya alikuwa anatabasamu kwa raha kama si jina lake lililopotea ila la jirani, "Huyu Salim," akasema, "ana bahati, alikuwa pale pale nilipokuwa mimi"... na Khairiya anahisi kitu kinampanda kifuani, kicheko, yaa Rabi, si sasa, akicheka tu vigelegele vitapigwa na kesi itafungwa kabla ya hukumu, anauma shela kwa meno, Bi Mwatum anadhani analia, anampapasa mgongo, "Lia, vyangu, lia, nako ni kuridhia," na hapo kicheko kinazidi, mabega yanamtikisika, anazungukwa na ndiyo kila upande kama nyumba iliyozingirwa na maji ya mvua.

Kwa sababu, anaendelea kujiambia anapopata pumzi, ushahidi umekwisha na hakuna hata timu moja aliyoikimbia, timu zimemkimbia yeye, hicho ndicho ami Mgeni alichokihesabu kinyumenyume, kahesabu milango aliyoingia asiulize nani aliifunga, na yeye Khairiya, msemaji mkuu wa chuo, kaimeza hesabu hiyo siku mbili nzima bila kuitafuna, aibu yake... na anamwona tena kama siku ya kwanza, pale shule ya wasichana anapofundisha, chuma cha goli la netiboli kilikuwa kimelegea mwaka wa pili na mwalimu mkuu akasikia yupo mtu wa Msuka yuko likizo anayezijua pete hizi, Khairiya akatoka darasani na chaki mkononi akakuta mwanamume mrefu kapita kiasi kasimama uwanjani mwao, hata ngazi hakuhitaji, "Nani kakuruhusu kuingia kuno?", "Mwalimu mkuu, bibi mwalimu", "Na huo mpira si wetu, ni wa nini?", "Wa kupimia, pete haijulikani imenyooka mpaka ipitishwe kitu," na akamtupia, hivi hivi, yeye na buibui lake na chaki yake, akaudaka kwa kifua, wasichana wote madirishani, akaurusha ukapiga mlingoti, akaurusha tena ukapita juu ukaangukia kwenye mihogo ya mwalimu mkuu, akamgeukia kwa hasira, "Kazi gani ya mtu mzima hii, kuhamahama miji kwa ajili ya kutia mpira shimoni?", na yeye hakukasirika, akaenda mihogoni akaurudisha, akaupangusa udongo kwa kanzu yake, akasema, "Unaushika kama unataka kuushinda, bibi mwalimu, uache utoke kwenye ncha za vidole," na wa tatu ukaingia, ukaingia bila kugusa chuma, na sauti iliyomtoka Khairiya siku ile haikuwa ya mwalimu, ndiyo iliyomfanya wiki nzima asiweze kuwatazama wanafunzi wake usoni... basi anamtaka, waheshimiwa, anamtaka, hilo limepita bila kupingwa, kilichobaki ni Jumamosi, meli, Mombasa, na nani anabaki na nani anakwenda, maana nyumba nzima imekwisha amua yeye abaki, mama mkwe kamtengea chumba Msuka na kakipiga chokaa, hakuna aliyemuuliza, na wala yeye hajamwambia mtu, hata Silima, aliyekuja mwezi uliopita na mamake wakakaa ukumbini wote wanne, wao na Khairiya na baba yake, wazee wakizungumza bei ya karafuu, akamwambia kwa sauti ya chini, macho kwenye kikombe, "Uwanjani asiyeita hapewi mpira, nimecheza na watu hodari kuliko mie, mtu kasimama peke yake chini ya kikapu, hana mlinzi, kimya, anangoja aonekane, mchezo unakwisha hajagusa, ukitaka kwenda nami niite, ukitaka kubaki niite vilevile, usinifanye nikisie," na yeye akamjibu kwa jeuri kwamba atatafakari, kisha akatafakari kimya kimya mwezi mzima, yeye, Khairiya, aliyewafundisha wasichana wa darasa la sita kwamba anayetaka kujibu anyooshe mkono... kumbe wanaomnyamazisha si Bi Mwatum wala ami Mgeni peke yao, kumbe na yeye alikuwa anaona raha kidogo kukaa ndani ya kimya hicho, kina joto, hakimlazimishi kutaka kitu mbele ya watu... na hapo anauona upenyo, na baba anakohoa, "Khairiya binti Kificho, mara ya tatu na ya mwisho, umeridhia?", na kimya, na ami Mgeni anasema, "Haya, kanyamaa, karidhia, shehe anatungoja," na viatu vya mashahidi vinaanza kugeuka kwenye sakafu, na Bi Mwatum tayari kavuta pumzi ya kigelegele, na Khairiya anautoa mkono wake katika mkono wa somo yake na kuuinua juu, chini ya shela, ambako hakuna anayeuona, na anaisikia sauti yake mwenyewe inavuka pazia, wala haitetemeki, "Baba, ngoja, sikunyamaa, nilikuwa nafikiri. Nimeridhia. Na mwambie shehe aandike kwamba Jumamosi nasafiri na mume wangu."